Shoka la Umeme Linashuka Vizuri

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sikukuu. Karakana yangu hapa Nyakato imefungwa, ingawa sidhani kama kuna mteja aliyegundua tofauti. Habari kubwa: tarehe 19 kuna mashindano ya roboti za mapigano, ukumbini Bunda. Roboti mbili zinaingia, moja inatoka ikitembea. Mshindi anapewa ualimu wa umeme kwenye kituo kipya cha ufundi kule Butiama. Nimesuka mota miaka kumi na tisa. Kazi hiyo ni yangu. Mashindano ni utaratibu tu.

Tatizo dogo: Hilda ameshajiandikisha. Alijifunza kusuka mota hapa kwangu, majuma matatu, akaenda kufungua karakana yake Bunda. Siku hizi ina foleni. Watu wa Bunda hawajui ubora.

Roboti yangu itakuwa na shoka la umeme. Hakuna anayebishana na shoka.

Jumatano, 9 Julai

Bodi tayari: bati nene, magurudumu manne, rimoti. Shoka nililifunga kwenye mota ya waipa ya gari. Nikabonyeza. Likainuka taratibu kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka kikaoni, likasita, likarudi kulala.

Nimeachana na waipa. Nimechukua starta ya pikapu kuukuu. Starta inawasha injini nzima, itashindwaje na shoka?

Shoka lenyewe ni la kuni, la nyumbani. Mke wangu Jenoveva ameuliza liko wapi. Nikamwambia liko karakana, linanolewa. Amepasua kuni kwa panga, huku akisema mambo kadhaa ambayo hayahusiani na roboti.

Ijumaa, 11 Julai

Shoka linashuka vizuri mno. Limepasua ndoo, kiti cha wateja na sehemu ya sakafu. Halipandi. Nimegeuza nyaya za betri, chanya kwa hasi, ili starta izunguke kinyume. Likashuka. Nikarudisha. Likashuka. Hivyo hivyo mpaka alasiri.

Saa kumi Hilda akapiga simu. Amesikia natengeneza shoka, linaendeleaje? Nikasema vizuri, hasa upande wa kushuka.

"Mwalimu, starta za zamani hazina sumaku," akasema. "Hata ugeuze betri, inazungukaga upande uleule. Geuza nyaya za koili za pembeni tu, za katikati uziache."

Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima. Akasema sawa, mwalimu. Akaongeza kwamba niweke fyuzi, maana starta ikikwama inavuta umeme mpaka nyaya zinaungua. Niweke na pini ya kulifunga shoka ninapolishughulikia. Nikakata simu. Mpinzani anataka nilifunge shoka kwa pini. Ananiona mtoto.

Nimegeuza nyaya za koili, nimefunga rilei mbili, swichi zinazowashwa na rimoti, moja ya kushusha, moja ya kupandisha. Shoka limepanda. Ningegundua mwenyewe kesho.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nimewaonyesha majirani. Roboti ni nyepesi kuliko nguvu ya shoka, jambo ambalo sikulipa uzito. Nilipobonyeza, shoka lilibaki chini, roboti ikaruka juu na kutua kwenye beseni la dagaa la Mama Matrida. Nikaeleza kuwa huo ni mtindo wa kushambulia kutoka angani. Mama Matrida akasema dagaa wake hawakuwa vitani.

Nimeongeza vyuma vya uzito.

Jumanne, 15 Julai

Upelelezi. Nimemtuma rafiki yangu Stanislausi Bunda na feni mbovu kama kisingizio, achungulie roboti ya Hilda. Amerudi jioni, ameshiba. Hilda alimwonyesha roboti bila kuombwa, akampa rimoti aiendeshe, akamkaangia sato. Roboti ni sanduku bapa lenye mdomo mbele kama sepetu. Linaingia chini ya mwenzake na kumpindua. Nikauliza udhaifu wake ni upi. Stanislausi akafikiri sana.

"Sijauona," akasema. "Ila yule dada anapikaga."

Naye alimweleza Hilda kila kitu kuhusu shoka. Feni imerudi inazunguka. Mimi ilinishinda mwezi wa tatu.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango safi kabisa. Nimewaandikia waandaaji barua bila jina. Nimewatahadharisha kwamba kuna roboti za hatari, hasa zile bapa zenye mdomo. Kila roboti ikaguliwe kikamilifu, isiyo salama itolewe bila huruma. Nimesaini "Mpenda Usalama".

Jumamosi, 19 Julai

Barua imefanya kazi. Kila roboti ilikaguliwa kikamilifu. Ya Hilda ilipita kwa dakika mbili. Yangu ikatolewa: haina fyuzi, haina pini. Mkaguzi, mzee Makongoro, akasema wanamshukuru sana yule aliyewaandikia. Nikasema hata mimi.

Nilikuwa nafunga mizigo Hilda alipokuja na fyuzi yake ya akiba na pini. "Weka, mwalimu," akasema. "Nimekuja kupigana, sikuja kushindia mezani."

Nikaweka. Nikapita. Mzee Makongoro alipogeuka nikatoa fyuzi, nikaweka msumari. Fyuzi ya mpinzani, nani anajua imepangwa ikatike saa ngapi?

Pambano likaanza. Nakiri, sekunde ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote maishani mwangu. Shoka lilishuka, likatoboa mfuniko wa roboti ya Hilda, ukumbi mzima ukasimama. Jenoveva, aliyekuja kuliangalia shoka lake, alipiga kigelegele. Nikabonyeza kupandisha. Limekwama. Nikabonyeza zaidi. Starta ikaguna, nyaya zikawa nyekundu, moshi, kisha moto. Nikaachia kitufe, lakini rilei ilikuwa imeshaganda. Msumari haukatiki. Huo ndio ubora wake.

Watu wakaukimbilia mlango mmoja. Nilimwona Jenoveva akibanwa ukutani na sikuweza kumfikia. Niliogopa. Hili naliandika hapa tu.

Hilda hakuachia rimoti. Roboti yake, shoka langu likiwa limechomeka mgongoni, iliiburuta yangu ikiwaka hadi mlango wa nyuma, ikatoka nayo nje mpaka kwenye lundo la mchanga. Akazifukia zote mbili. Moto ulipozimika akafukua, akatazama mahali pa fyuzi, akachomoa msumari kwa plaisi na kuutia mfukoni. Hakuwaambia kitu waamuzi. Sijui ana nia gani.

Jumatatu, 21 Julai

Hilda amepata kazi. Amepiga simu. Nilitegemea matusi. Akasema kituo kinahitaji mtu wa kufundisha kusuka koili, siku za Jumanne, na hajawahi kuona mkono safi kwenye koili kama wangu.

"Ila fyuzi nitafundisha mimi," akasema.

Jenoveva, ambaye hajanisemesha tangu Jumamosi, amenisemesha. Amesema, "Baba Gody, ukikataa, uhamie karakana."

Nimekubali. Inaonekana Hilda amegundua hawezi peke yake.

Jumanne, 5 Agosti

Butiama. Somo la kwanza. Wanafunzi kumi na wawili, chaki mpya. Koili nimefundisha vizuri, nasema bila majivuno. Mwishoni binti wa mstari wa mbele, Eufrasia, akauliza kama ni kweli roboti ya shoka iliungua Bunda, na chanzo kilikuwa nini.

Nikawaeleza chanzo kilikuwa mfuniko wa mpinzani, ambao ulikuwa laini kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana shoka likazama.

Wote kumi na wawili wakainama, wakaandika.