Ghorofa za Kwenda Chini

Halmashauri ya Mji Mdogo wa Nyamigogo iliutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba maendeleo sasa yamezidi. Tangu dhahabu ipande bei maduka yalikuwa yakiota kama uyoga. Kwa hiyo, ili kulinda mandhari, hakuna biashara itakayoruhusiwa kuinuka zaidi ya sakafu moja.

Afisa mipango miji, Selestine, aliyeitunga kanuni hiyo na kuipenda kama mwanawe, alikwenda mwenyewe kumjulisha Maniben, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi pembeni mwa ofisi ya halmashauri. Nguzo za ghorofa yake zilishaanza kuchomoza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Juu hapana?"

"Hapana kabisa. Ni ukomo wa msongamano wa kibiashara."

"Na chini?"

Selestine aliipekua kanuni mbele na nyuma. Chini hakukutajwa. "Chini," alisema kwa uaminifu, "serikali haina pingamizi."

Maniben akampigia simu Mageni, mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, aje na watu wake na sururu. Wakachimba chumba cha kuuzia saruji, chini yake cha nondo, chini yake tena cha rangi. Wateja walishuka kwa ngazi, wakapandishwa kwa winchi wamekumbatia mabati. Punde mtaa mzima ukawa unateremka. Selestine aliripoti kuwa mandhari imelindwa kikamilifu, akapandishwa cheo.

"Bosi, mwamba huku mbovu," Mageni alimwonya Selestine. "Tukisogea kidogo tutakuwa chini ya ofisi yenu."

"Mna kibali?"

"Tunacho."

"Basi endeleeni."

Jumapili, watu wakiwa kanisani, ofisi ya halmashauri, yenye sakafu mbili, ilikohoa mara moja, ikateremka wima. Sakafu ya chini yote ikamezwa na ardhi.

Jumatatu Selestine alipima kilichobaki, moyo ukamwenda mbio kwa fahari: sakafu moja tu! Lakini ofisi ya Mkurugenzi, iliyokuwa juu, sasa dirisha lake lilikuwa usawa wa barabara. Kabla Mkurugenzi hajakaa sawa, Eufrasia, muuza dagaa aliyevunjiwa kibanda chake na halmashauri, alishavusha mguu mmoja ndani.

"Hodi, mheshimiwa. Kila siku tunaambiwa uko kikaoni."

"Pitia kwa katibu muhtasi!"

"Yuko nyuma yangu kwenye foleni, baba. Naye ana shida yake."

"Selestine! Funga hili dirisha!"

Selestine alifikiri kwa uchungu. "Kisheria, mheshimiwa, kwa sasa hilo ndilo lango kuu. Na ni saa za kazi."

Eufrasia akaketi kwenye kiti cha wageni, ambacho kilikuwa bado na nailoni ya dukani, akaanza kueleza tangu mwanzo.