Malkia wa Sufu Aondolewe Kwenye Benchi Langu

Nether Wimbley,
Jumatatu, baada ya sherehe

Mhashamu Baba Askofu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na viatu vyako vimekauka. Mimi ni Enid Ormerod, mjane, wa parokia ya Mtakatifu Wilfrid, yule aliyekuandikia kuhusu njiwa wa mnarani, na kabla ya hapo kuhusu gitaa. Safari hii jambo ni zito zaidi.

Kama ujuavyo, mwisho wa wiki tulisherehekea miaka sabini ya Malkia wetu kwenye kiti cha enzi. Sina neno na Malkia. Picha yake iko jikoni kwangu na huifuta vumbi kabla ya kuifuta ya mama yangu. Neno langu ni juu ya yule mwingine, wa sufu.

Akina mama wa kufuma, chini ya Bi Mavis Entwistle, walimfuma Malkia mzima mzima, kimo cha mtu, pamoja na taji, wakamshindilia soksi kuukuu tumboni. Uso ulitoka kama wa Bwana Desmond, mzee wetu wa kanisa. Alikuwa akae uwanjani kwenye karamu ya kijiji. Mvua ikanyesha, bila shaka, maana bendera zilikuwa zimeshatundikwa. Tukabeba meza, keki na mikate ya matango tukahamia kanisani, na Malkia akaingizwa amelowa chapachapa, ananuka kondoo. Bi Mavis akaangaza macho akitafuta mahali pa kumkausha. Benchi pekee linalopitiwa na bomba la kupashia kanisa joto ni langu. Akamkalisha ubavuni mwangu, kwenye nafasi ya marehemu mume wangu, Leonard, akaniambia, "Enid mpenzi, msogelee kidogo, asije akatuangukia kifudifudi mbele za watu."

Baba Askofu, nafasi ile haijakaliwa na mtu tangu Leonard azikwe. Watu wa hapa wana adabu zao. Hawaulizi, hawakai. Huinamisha kichwa kwa mbali, wakapita. Nimeizoea adabu hiyo na sijawahi kuilalamikia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nafasi ile ni ya mkoba wangu na mwavuli wangu. Vimehudhuria ibada miaka yote hii bila kukosa, jambo ambalo siwezi kumsemea Bwana Desmond. Sasa vimewekwa chini, sakafuni, kama vitu visivyobatizwa.

2. Chai ilipopita, Malkia aliandaliwa kwanza. Aliwekewa pia kipande cha keki chenye jemu nyingi kuliko changu. Nilikula vyote viwili, lakini kwa ajili tu ya kuzuia uharibifu.

3. Bwana Desmond, akipita na birika, alimkanyaga Malkia mguu. Akasimama, akavua kofia, akamwambia, "Oh, niwie radhi sana." Akaondoka. Baba Askofu, mguu ule una soksi ndani. Mimi alinikanyaga siku ya mavuno mwaka juzi, na nilikuwa na mguu ndani, na mpaka leo nasubiri.

4. Jumapili, wakati wa kupeana amani, watu walipanga foleni kwenye benchi langu. Unajua tulivyo: tukiona foleni tunaingia, maswali baadaye. Wakawa wanampa mkono yeye, halafu mimi, kwa kuwa nilikuwa njiani. Kanisa zima likanipa mkono! Bwana Desmond akaniambia, "Enid! Sijakuona siku nyingi, umepotelea wapi?" Huwa anakaa nyuma yangu kila Jumapili anapokuja. Wengine wakaona bora waketi kabisa na kuzungumza. Jirani yangu Bi Hilary alinieleza habari za goti lake kwa urefu, nami nikajikuta namweleza la kwangu. Sijaongea hivyo tangu sijui lini, na sauti imenikauka. Ninaidai parokia dawa ya koo.

5. Kuna mtoto mmoja, Poppy, mjukuu wa Bi Hilary, alipanda mapajani kwangu bila kibali ili alifikie taji. Akaniuliza, "Bibi, huyu ni dada yako?" Nikamwambia si ndugu yangu. Akatutazama, akasema, "Lakini mmefanana nguo." Kweli alikuwa amefumiwa koti la rangi ya langu. Naomba Bi Mavis aulizwe sufu ile aliitoa wapi.

6. Wakati wa mahubiri Malkia aliniegemea begani. Mzito, na wa moto kutokana na lile bomba. Sikuweza kusogea, maana angeanguka, na sikuweza kumsukuma, maana ni Malkia. Leonard naye alikuwa na tabia hiyohiyo, ila yeye alikoroma. Nilikaa vile mpaka mwisho na sikusikia hata neno moja la Mchungaji Philippa. Machozi aliyoyaona ni ya harufu ya kondoo.

7. Hili ndilo la aibu. Ulipofika wimbo wa kumwombea Malkia ulinzi wa Mungu, kanisa zima liligeuka kuelekea benchi langu. Watu wote wa Nether Wimbley wananiimbia usoni, kwa sauti kuu, na mimi sijui uso niupeleke wapi. Nikajikuta napunga mkono. Kidogo tu, kwa kiganja. Bi Mavis anasema nilipunga beti zote. Hiyo ni fitina.

8. Sasa kuna minong'ono kwamba Malkia aachwe palepale moja kwa moja, na kwamba aingizwe kwenye baraza la kanisa, kwa sababu hakatizi watu wakizungumza. Leo baraza, kesho ataandikwa zamu ya maua, na kesho kutwa, Baba Askofu, usishangae akiletwa kwako kuwekewa mikono.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu utoe agizo kwamba mtu yeyote wa sufu asikae mahali pa mtu wa nyama bila ridhaa ya mjane, na kwamba mkoba na mwavuli wangu virudishwe kwa heshima. Ikishindikana, basi na mimi nifumwe. Enid wa sufu akae pale apokee wageni, na mimi nibaki nyumbani nilikozoea, kwenye utulivu wangu.

Nisalimie Mama Askofu, dereva wako, na yule mbwa wenu aliyekula maua ya Pasaka. Hapa wote hawajambo, isipokuwa goti la Hilary.

Ni mimi, mwanaparokia wako mtiifu na asiyependa makuu,

Enid Ormerod (Bi)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Bi Mavis amepita na toroli, anakwenda kumfungia Malkia kwenye kabati la majoho ya kwaya. Nimefuatana naye kanisani ili nihakikishe kazi inafanyika sawasawa. Amemwinua, nami nimerudisha mkoba na mwavuli mahali pake. Mavis akauliza, "Haya, umeridhika sasa?" Nikasema ndiyo. Alipoondoka nilikaa kidogo. Mwavuli haumwegemei mtu, Baba Askofu. Naomba uipuuze barua yote hapo juu, isipokuwa salamu za mbwa. Mwandikie Mchungaji Philippa kwamba Malkia arudi kwenye benchi langu kabla ya Jumapili, na tafadhali andika kwa ukali, ili ionekane nimelazimishwa.