Watu Thelathini na Mmoja Waliolaiki Kaburi Langu

Korogwe, Tanga

Kwa mpwa wangu Adriano,
Msimamizi wa kundi la ukoo kwenye simu,
Igalula.

Marahaba. Naitikia mapema ile shikamoo ambayo hukuituma.

Jumapili niliuliza kundini jambo moja tu. Nikifa, mtanileta Igalula nizikwe kando ya mke wangu Consolatha, aliyerudi huko kuuguza mama yake naye akafia huko huko? Au nibaki kwenye mikonge hii niliyoizoea miaka hamsini na miwili? Hadi leo hakuna aliyeandika neno. Watu thelathini na mmoja wamelaiki, yaani wameweka picha ya dole gumba. Nalalamika rasmi:

1. Babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani. Ukimpa salamu apeleke, alirudi na jibu, hata baada ya miezi saba, hata kama jibu lenyewe ni tusi. Ninyi hamkubeba hata kilo moja, na bado mmerudi mikono mitupu.

2. Nimefungua kamusi yangu kubwa ya Kiingereza. Kitenzi chao hicho mnachokiita kulaiki zamani kilimaanisha kumpendeza mtu. Chakula ndicho kilichomlaiki mlaji, si mlaji aliyekilaiki chakula. Sasa kaburi langu limewapendeza kwa lipi? Upana?

3. Kamusi hiyo hiyo inasema kitenzi kimetokana na neno la kale lenye maana ya mwili, ukiwemo mwili wa marehemu. Nilifunga kamusi nikanywa maji.

4. Mdogo wako Doto alilaiki, akaondoa, akalaiki tena. Yaani nizikwe, nifukuliwe, nizikwe?

Kwa hiyo naomba ukoo ukirudishe kitenzi hicho kwa wenyewe, kwa shukrani. Ikishindikana, basi kwa kuwa kaburi limependwa na watu wengi hivyo, wapangie zamu ya kulitumia, ukianza na wakubwa. Mimi niandike wa thelathini na mbili. Sina haraka.

Nisalimie wote wa Igalula na Goweko, mmoja mmoja, kwa mdomo.

Ni mimi mjomba wako,
Nikolaus

Baada ya sahihi: Barua hii ichane. Mama yako Levina amenipigia simu sasa hivi. Yeye ndiye aliyelaiki wa kwanza, nikaanza kumpa karipio nililomwekea peke yake. Amesema: “Kaka, si wewe uliyekwenda shule ukaniachia mbuzi? Doto alinisomea ulichouliza, nikaweka dole gumba. Kijijini naweka dole gumba, kwenye chama cha tumbaku naweka dole gumba, wote wanajua Levina amekubali. Wewe wa tumbo moja ndiye unalikataa?” Nikamuuliza hapo kando ya Consolatha pakoje. “Pasafi. Nimepanda karanga pasiote majani. Ila usije kabla sijavuna.”