Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Februari 1989

Mgodi wangu wa nje ya mji umekufa rasmi. Miezi minane ya kuchimba, na vito vya opali nilivyovitoa havilipi hata dizeli. Zvonko, jirani yangu, alipiga vigingi vyake hatua mbili kutoka kwenye vyangu akapata mawe ya kununulia lori jipya. Hatua mbili! Analiegesha mbele ya mlango wangu nisije nikasahau.

Mimi si mtu wa kulia. Nilishuka melini Adelaide na sanduku moja na viatu vya kuazima. Mambo yakibadilika, nami nabadilika. Leo nimebadilika saa nne asubuhi, kabla kahawa haijapoa.

Hesabu ni hii. Hapa Coober Pedy, jangwani Australia, kuchimba opali katikati ya mji ni marufuku. Kupanua nyumba si marufuku. Na kwa kuwa nyumba zetu zimechimbwa ndani ya mwamba, kuongeza chumba ni kuchimba, na ukikutana na opali kwa bahati mbaya, ni yako. Ndiyo maana Zvonko, mwenye mke mmoja na paka, ana vyumba saba vya kulala.

Nikamwambia Foteini kwamba mama yake, anayekuja Jumamosi kwa basi, anastahili chumba chake. Mke wangu alinitazama sana. Miaka kumi na tisa mama huyo akija hulala kwenye kochi na sijawahi kunung'unika kwa niaba yake. Kisha akasema sawa, Anesti, ila kiwe chumba. Mama akikuta shimo, Jumatatu tunapanda basi mimi na yeye, tunahamia Adelaide, na wewe ubaki na shimo lako.

Anatania, nadhani.

Jumanne, 7 Februari

Nyundo ya umeme tangu alfajiri. Mwamba mwekundu, laini, mtiifu. Alasiri nikaona mstari wa rangi ya opali ukutani, kijani na buluu, mwembamba kama kucha. Unaelekea kushoto. Chumba kilitakiwa kwenda mbele. Nikabadilika.

Foteini aliuliza mbona chumba kinapinda. Nikamweleza kwamba kona huzuia joto. Akauliza kitanda kitapindaje. Mwanamke huyu hana maono.

Zvonko alikuja kukagua rundo langu la vifusi, mikono mfukoni. "Anesti, mkwe wako ni nyoka? Mbona chumba chake kirefu hivi?" Nikamwambia ana mizigo mingi.

Jambo la ajabu: mwamba wa upande huu una mwangwi mzuri sana. Nikizima nyundo ninywe maji, mwangwi unaendelea kwa dakika nzima.

Jumatano, 8 Februari

Chumba sasa kina urefu wa mita tisa. Upana, mtu mmoja akipita kiubavu. Rangi bado ipo, na inanenepa. Nimekokotoa: ikiendelea kunenepa hivi, kufikia Ijumaa nitamnunulia mama mkwe nyumba nzima huko Adelaide, mbali kabisa.

Foteini alileta kitanda. Kiligoma mlangoni. Alikirudisha taratibu, na utaratibu ule sikuupenda.

Mirjana, mke wa Zvonko, alikuja kuazima sukari. Akasema kwake nako vumbi tupu, kwa sababu Zvonko anamchimbia chumba mjomba wake atakayekuja kutoka Split, kwao Yugoslavia. Mjomba yule alishakufa. Nilikunywa pombe ya plamu kwenye matanga yake, chupa nzima. Mirjana aliolewa baadaye, hakuwahi kumjua, maskini, anaamini tu. Mtu anayemdanganya mke wake mwenyewe, tena ndani ya nyumba yake, ni mtu wa namna gani?

Mwangwi leo ulikohoa.

Alhamisi, 9 Februari

Nilipiga, ukuta ukaanguka, na upande wa pili palikuwa na taa. Chini ya taa alisimama Zvonko, mweupe kwa vumbi, nyundo mkononi.

"Jirani," akasema, "hiki ni chumba cha mjomba."

"Mjomba gani, wewe? Si tulimfanyia matanga?"

"Na mkwe wako atalala ndani ya bomba?"

Tulikuwa tumefuata mstari uleule, yeye kutoka kwake, mimi kutoka kwangu. Katikati yetu palibaki kipande cha mwamba, na ndani yake donge kubwa kama ngumi. Tukagombana kwa utepe wa kupimia. Kwa kipimo changu robo tatu ilikuwa yangu. Kwa kipimo chake, robo tatu ilikuwa yake. Mwishowe tuliling'oa pamoja ili tugawane nusu kwa nusu.

Lilikuwa la kijivu, kijivu cha maji ya kuoshea vyombo. Hakuna rangi hata chembe, na opali bila rangi haina bei. Tukakaa, kila mtu upande wake wa tundu. Baadaye mkono wake ukapenya na chupa.

Ijumaa, 10 Februari

Wake zetu wamegundua. Nilitegemea ugomvi. Badala yake waliketi kwenye tundu, wakanywa kahawa na kucheka hadi Mirjana akapaliwa. Kicheko hicho ni kibaya kuliko ugomvi.

Kisha Foteini akafungua sanduku juu ya kitanda. Nguo mbili. Viatu vya kanisani. Halafu akaishusha ukutani ikoni, picha takatifu ya Mtakatifu Fanurio, anayewatafutia watu vilivyopotea, akaifunga kwenye taulo na kuiweka katikati ya nguo. Basi hatanii.

Nikamfuata Zvonko. Sikuomba, nilimweleza tu hali halisi, huku nimeshika kofia. Mirjana alikuwa nyuma yake akimwangalia kisogo. Akachukua nyundo. Tumepanua na kunyoosha kutwa nzima. Bomba sasa ni ukumbi wenye vyumba vinne vya mraba, na tundu limekuwa mlango. Mikono yangu haifungi tena.

Sanduku bado lipo kitandani.

Jumamosi, 11 Februari

Nje nyuzi arobaini na saba. Ndani ishirini na nne. Basi liliingia likitoa mvuke, kipoza hewa kimekufa, na hoteli zote zimejaa.

Mama mkwe, Kiria Evanthia, yaani Bibi Evanthia kwa Kigiriki chetu, alishuka wa kwanza. Nyuma yake abiria thelathini na mmoja, wekundu kama nyanya, wakimfuata hadi mlangoni kwangu. "Mkwe wangu, watoto wa watu wanaiva hawa. Nimewaambia una vyumba." Alikuwa ameshawatajia na bei, huko huko njiani.

Vinne vyangu, saba vya Zvonko. Mkaguzi wa majengo akaja na tochi, akasema sehemu ya wageni lazima iwe na njia mbili za kutokea. Akaangalia tundu letu. Akatikisa kichwa, akatia sahihi.

Kukawa sherehe. Mirjana akachoma soseji, Foteini akatoa zeituni na jibini lote, Mjerumani mmoja mnene akamchezesha Zvonko hadi kofia ikamdondoka. Mama mkwe akapewa chumba kikubwa kuliko vyote. Akagonga kuta kwa fimbo, akasema kumbe Anesti ana akili, mbona alikuwa ameificha.

Shuka zilipopungua, Foteini alilifungua sanduku, akatandikia wageni nguo zake. Ikoni ameitundika juu ya tundu.

Jumatatu, 13 Februari

Basi la Adelaide limeondoka. Foteini hakupanda. Mama yake pia hakupanda. Anapokea wageni mlangoni na hanipishi.

Siku mbili za vyumba zimelipa kuliko miezi minane ya mgodi. Nimehesabu mara tatu. Lakini hizo ni fedha za shuka, haziwezi kulinganishwa na fedha za mwamba.

Leo Foteini anataka chumba kingine. Nikauliza upande gani. Akanibusu paji la uso, akasema wowote mpenzi, ila kiwe cha mraba.

Nimeshapiga nyundo mara chache nyuma ya kabati. Kuna rangi, kijani na buluu, safari hii na wekundu kidogo. Inaelekea kulia. Kulia ni kituo cha polisi, na kwa hesabu yangu ile mahabusu yao haijawahi kuchimbwa hata siku moja.

Mwangwi hakuna. Nimesikiliza.