Nondo Ndani ya Duma

Jumatatu, 4 Januari 1999

Tumbo tupu, kichwa kimejaa. Ramadhani hii Guangzhou itanikumbuka.

Nianze na cheo. Mimi Sufian, mtoto wa Temeke, ni Mkuu wa Mikakati katika kiwanda cha Laoban Liang. Laoban kwa Kichina maana yake bosi. Yeye huwaambia watu kuwa mimi ni mfunga maboksi, lakini Kiswahili hajui, nani atamsadiki?

Tunatengeneza gemu ya TV. Inaitwa Duma. Jina nimelibuni mimi. Tuna maadui wawili. Wa kwanza Wajapani na mashine zao za CD. Hao nimeshawamaliza: kila mteja namwambia CD hukwaruzika, kaseti yetu hata mtoto aikalie. Wa pili ni Kariuki, Mkenya, mpiga debe wa kiwanda cha ghorofa ya juu. Gemu yake bei chini. Boksi lake linang'aa. Mwenyewe anavaa shati la maua kama pazia. Simpendi.

Keshokutwa anakuja Bi Swalha wa Unguja kutafuta mzigo wa Idi. Laoban kasema wazi, kwa Kiingereza chake na kwa mikono: mama huyu asiponunua, gemu basi, kiwanda kinageukia tochi. Tochi! Tochi haina mikakati. Unabonyeza, inawaka. Mimi nitaenda wapi?

Jumanne, 5 Januari

Nimepata! Nilikuwa chooni.

Kwetu hatununui kitu kwa macho. Tunanyanyua. Pasi, feni, redio: unanyanyua, unapima mkononi, unabetua mdomo. Nyepesi ni feki, nzito ni orijino. Hiyo hata mtoto wa Kariakoo anaijua. Sasa Duma yetu ukiinyanyua ni kama umeokota kisosi cha plastiki. Aibu.

Jirani wanajenga. Vipande vya nondo vimezagaa. Nimeokota ndoo nzima. Kila Duma kipande chake, gundi, skrubu, kwisha. Laoban alipoona akanigusa kichwani kwa kidole, maana yake nina wazimu. Nikamchorea tochi ukutani. Akaitazama. Halafu akaniletea gundi zaidi.

Kariuki kapita mlangoni, akauliza, manze Sufian, siku hizi mnajenga nyumba? Nikamwambia ndiyo, ya kukuzika wewe kibiashara. Akacheka. Acheke.

Jumatano, 6 Januari

USHINDI!

Bi Swalha kaja, mkoba kwapani, miwani puani. Kanyanyua gemu ya Kariuki kwa vidole viwili. Akaitikisa. Akamuuliza, mwanangu, humu ndani mmetia kitu au ndo mnakusudia kutia? Kariuki akaanza kueleza teknolojia. Nani anamsikiliza!

Akaja kwetu. Akanyanyua Duma. Mkono ukashuka. Akashika kwa mikono miwili. Eee, hii ndo mashine bwana! Akasema anachukua mzigo wote. Laoban akanipigapiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Jioni nimefuturu mtaa wa Dengfeng, sambusa na uji, nikisimulia mkakati wangu kwa meza nzima. Nondo sikuitaja. Siri ya kampuni.

Ijumaa, 8 Januari

Kuna jambo dogo.

Meli haifiki kabla ya Idi. Mzigo unakwenda kwa ndege. Ndege inatoza kwa kilo. Mimi nilisahau kama kuna ndege.

Protas, kijana wa Bukoba anayepima mizigo ya kago, kaweka katoni moja ya Duma kwenye mizani. Mshale ulikimbia kama umeitwa. Protas akauliza humo kuna nini. Bi Swalha akapiga hesabu, akavua miwani, akavaa tena. Akaniuliza: Sufiani, mie nasafirisha gemu au nanga? Kasema nisipoipunguza uzito, mzigo anampa Kariuki. Na Kariuki alikuwapo hapohapo, akimshikia mkoba! Mnafiki mkubwa. Kwanza hata kufunga hafungi.

Laoban kaanza kuulizia bei za balbu ndogo.

Jumamosi, 9 Januari

Siku nzima nimebandua nondo kwa bisibisi. Gundi ya Wachina ni kali, nasema kweli. Duma mbili zimepasuka. Kidole kimoja kimebaki na nondo mpaka adhuhuri.

Baada ya futari nimempelekea Bi Swalha moja hotelini kwake. Laoban kanifuata. Kariuki alikuwa keshakaa, anamega tende. Bi Swalha akanyanyua Duma. Uso ukabadilika. Kasema hii siyo. Hii feki. Ile ya juzi ndiyo orijino, mmenibadilishia! Nikaapa ni ileile. Akasema mkono wake haudanganyiki. Nikaona mzigo unaondoka. Ikanitoka: bi mkubwa, uzito ule ulikuwa nondo!

Kariuki kakabwa na tende. Bi Swalha kauliza polepole: yaani mie nilitaka kulipia ndege nondo ziende Unguja? Kwani Unguja hatuna nondo?

Laoban hakuelewa neno, ila uso wa mama aliusoma. Akaichukua Duma, akaichomeka kwenye TV ya chumbani, adapta yake kwenye umeme, akawasha. Jamani. Tangu Jumatatu hakuna aliyeiwasha! Kidude ndani ya gemu kikaanza kuruka ukuta. Bi Swalha akatazama kwa dharau. Akaomba ajaribu. Akaanguka shimoni. Akasema tena. Akaanguka. Akamwambia Laoban asogee, anamziba. Kariuki naye akatoa gemu yake aliyokuja nayo, ikawashwa, mama akaicheza kidogo, akasema kidude cha huyu kinakwenda kama kimekula mihogo, nirejesheeni kile changu.

Kachukua Duma. Mzigo wote! Kwa masharti mawili: nondo isiwepo hata moja, na mimi nisishike gundi. Kariuki kanipa mkono, kasema leo umebahatika, buda. Bahati! Nani aliyemleta mama mezani kama si nondo?

Tochi zimekufa. Laoban kaimba njia nzima.

Jumatatu, 11 Januari

Nina furaha, na nimewashangaza wote, ingawa bado hawajui.

Mzigo umeruka leo mchana. Jana, wakati nafunga maboksi peke yangu, nikafikiri: mama anataka kilo zipungue. Nondo tumetoa, sawa. Lakini ni nini kingine kizito humu? Nikapima kwa mkono. Adapta! Kijitofali cheusi chenye waya, kizito kuliko gemu yenyewe. Hakina picha, hakina kitufe, hakiruki ukuta. Na nani Unguja hana adapta ya redio nyumbani? Nimezitoa zote. Gundi sikugusa. Masharti nimeheshimu.

Protas alipopima akashangaa, akasema kilo zimeshuka hasa. Nikatabasamu tu. Adapta ziko chini ya kitanda changu. Nitamuuzia Kariuki, maana gemu yake inahitaji uzito.

Bi Swalha anafika kwao kesho. Nimekaa karibu na simu ya Laoban. Atataka kunishukuru mwenyewe.