Paka Wametajwa, Mimi Sikutajwa

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Montessori ya Watoto Wadogo.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

KUH: KUACHWA KWANGU KWENYE UBAO WA WALIMU

Pokea salamu zangu, na tafadhali uzipokee ukiwa umeketi, maana ninaandika kwa furaha kubwa na masikitiko makubwa kwa wakati mmoja. Mimi ni yule fundi seremala aliyewatengenezea rafu fupi za madarasa mwanzoni mwa mwaka. Tangu wiki sita na siku mbili zilizopita, mimi pia ni mume wa mwalimu wako wa watoto wa miaka mitatu. Mume! Neno hili nimelijaribu kwa kalamu tatu tofauti, na linapendeza kwa zote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pale mlangoni pa ofisi yako pana ubao wenye maelezo ya walimu: walifanya kazi gani zamani na wanapenda nini. Ya mke wangu yanasema, "Alikuwa karani wa posta kwa miaka minne kabla ya kusomea ualimu wa Montessori. Anapenda kushona, kupanda mboga, mvua ya asubuhi, na rafu ya tatu karibu na dirisha." Basi. Nimechungulia hata nyuma ya ubao, nikakuta misumari tu.

2. Mwalimu wa darasa la jirani, aliyekuwa nesi wa wodi ya wazazi, ameandika kwamba anapenda kuogelea, na pia paka wake wawili, Pamba na Masizi. Mwalimu wa nyimbo, aliyekuwa askari magereza, anapenda maua ya waridi. Na waridi sina ugomvi. Lakini paka, Mwalimu Mkuu? Paka wale hawajawahi kumpelekea mtu mwavuli. Mimi humletea mke wangu mwavuli getini kila siku, hata jua likiwaka.

3. Rafu. Hapa ndipo roho inaponiuma. Yaani mbao imenitangulia, tena mbao mbovu! Niliitengeneza mwenyewe, kwa hiyo najua ubaya wake: kona ya kulia imeshuka upana wa kidole. Rafu nyingine kumi na moja nilizipiga randa na kuziwekea pimamaji, zikanyooka kama mistari ya daftari. Ile ya tatu sijui nini kilinipata. Shanga zikiwekwa pale zinabingirika mpaka mlangoni. Nimemwomba mke wangu mara tatu nikainyooshe, mara tatu amekataa. Anasema watoto wameshaizoea.

4. Mtu asiseme kwamba mke wangu havutiwi nami. Wiki ya kwanza ya ndoa nilimenya viazi kwa mara ya kwanza maishani. Alivuta kigoda akaketi, mikono mapajani, daftari pembeni, akanitazama kwa utulivu ule anaowatazamia watoto wako wakimimina maji. Nilipomwaga sufuria nzima hakuinuka. Alisema tu, "Sifongo iko mahali pake." Mama yangu alipopiga simu nikamsimulia, akauliza, "Mwanangu, mkeo anakuangalia tu ukihangaika?" Nikamjibu, "Mama, ananiheshimu!" Kwenye daftari lake la kuandikia anayoyaona, mimi peke yangu nimejaza kurasa tatu. Je, mtu wa kurasa tatu hastahili neno moja ubaoni?

5. Siku ya harusi niliingia na suti mpya. Wanawake wengine wangesema umependeza. Yeye alinikagua toka juu hadi chini, akaninong'oneza, "Naona umefunga vifungo vyote mwenyewe." Nilikaribia kulia. Sijawahi kusifiwa namna ile. Hili si lalamiko, ila sikuweza kuliacha.

6. Jumanne iliyopita mzazi mmoja, mama fundi cherehani, alinikuta getini na mwavuli wangu akauliza, "Kaka, wewe dereva wa nani?" Nikamwambia mimi ni mume. "Wa nani?" Nikampeleka kwenye ubao kwa mbwembwe. Akasoma yote, toka juu mpaka chini, kisha akanigeukia kwa huruma: "Pole, kaka. Hupo." Jumamosi ni siku ya wazazi, na mama yangu amealikwa. Atausoma ubao ule na miwani yake. Nitamwambia nini?

Kwa hiyo naomba yafuatayo kabla ya Jumamosi. Neno "mume" liongezwe, kabla ya mboga. Picha yangu ya suti ibandikwe; nafasi ipo paka wakisogezwa. Rafu ya tatu ing'olewe, nami nitaleta mpya bure. Na kwa kuwa mnawafundisha watoto majina ya vitu kwa hatua tatu, naomba niletwe darasani kila Jumatatu: "Huyu ni mume wa Mwalimu. Nionyeshe mume wa Mwalimu. Huyu ni nani?" Nitakaa kwenye mkeka bila kusumbua.

Nisalimie nesi, askari magereza, mpishi, mlinzi wa getini na watoto wote, hata yule aliyeniuma kidole. Pamba na Masizi wasalimie pia, lakini kwa kifupi.

Wako mwenye furaha isiyoelezeka,
Mume wa Mwalimu (Fundi)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu aliikuta barua hii mezani. Aliisoma yote, hakusahihisha hata nukta. Akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka kwenye sinia mbele yangu, akavuta kigoda. Unajua mwenyewe, kwenu mtu aliyekosea huachwa alitafute kosa lake. Nililitafuta. Niliisoma barua mara nne, viazi vikaungua. Mwishowe akanihurumia kwa swali moja: "Siku ulipokuwa ukiipima ile mbao ya tatu, ulikuwa unatazama wapi?"

Mwalimu Mkuu, nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa kwenye mkeka ng'ambo ya darasa, akimwonyesha mtoto kukunja leso. Nikamuuliza, "Na maelezo ya ubaoni uliyaandika lini?" Akasema, "Ijumaa ileile, ulipoondoka ukasahau penseli yako."

Basi, tafadhali futa kila nilichoandika kuanzia salamu. Paka wabaki. Rafu ya tatu isiguswe na fundi yeyote, hasa mimi. Na Jumamosi, nitamleta mama yangu mwenyewe mpaka mbele ya ubao, nimwekee kidole kwenye mstari wa mwisho wa maelezo ya mke wangu.