Mangi Kapita Himo Bila Kushuka

Habari ilifika kijiweni kabla ya mwenyewe. Gidion, dereva wa bodaboda ambaye wenzake walimbatiza Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, aliegesha pikipiki nyuma ya soko la Kilombero na kupaza sauti hata helmeti hajavua.

"Oyaa! Mangi haendi Rombo Desemba hii!"

Abasi muuza kahawa, mtu wa Tanga aliyemfuata mke Arusha na mpaka leo hajapatana na baridi ya huku, alibaki kaning'iniza birika hewani. "Kafukuzwa ukoo?"

"Anaenda kwenu, Tanga. Kuangalia bahari."

Loishiye, dalali wa mbuzi kutoka Oldonyo Sambu, aliitwa Hakimu kwa tabia yake ya kugonga fimbo chini kila anapotoa hukumu. Akagonga. "Hapana. Mchaga Desemba anarudi kwao Krismasi, haendi kuangalia maji. Labda kuna mtu kamwambia yanapangishwa."

Wakati wanacheka, Ludovick, ndiye Mangi mwenyewe, akatokea, duka lake la spea za magari kalifunga mapema. Alipoona vicheko vimekatika ghafla akajua kesi ni yake. Akakaa kwenye benchi, akapokea kikombe, akakizungusha bila kunywa.

"Redio, nilikwambia ukae nayo."

"Nimekaa nayo, arifu. Kutoka kwako mpaka hapa."

"Mkataa kwao mtumwa," Hakimu akasema.

"Sijakataa kwetu, aisee! Ni mama watoto." Ludovick akashusha sauti, na kijiwe kizima kikainama naye. "Tangu nimemuoa Evaresta, kila Krismasi yeye yuko jikoni kwa mama yangu, mimi niko mgombani nakunywa mbege. Sasa juzi kaniambia, 'Ludovick, dada zako wanakuja kula, kaka zako wanakuja kunywa, mimi nakuja kulia moshi. Nataka niione bahari macho yangu yangali yanaona.' Hakugomba. Angegomba ningemjibu. Alisema huku anakunja nguo."

Redio akasogea karibu.

"Mama yako anajua?"

"Nimemwambia gari limekufa."

"Mangi! Wewe unauza spea!"

Benchi likatikisika kwa kicheko. Ludovick naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni. Mama yake, bi kizee wa Rombo, alikuwa hasahau wala hafokei. Alikuwa anakaa kimya tu kwenye simu mpaka mtu akayataja makosa yake mwenyewe. "Basi nisaidieni," akasema. "Mimi bahari siijui. Tunakwenda, tunaitazama, halafu? Mnaitazama mpaka saa ngapi?"

Abasi akaweka birika chini. Swali hilo alilisubiri miaka.

"Kwanza, adabu. Nyinyi Arusha mnaagiza chai kama mnakamata mwizi. 'Lete chai!' Kule utasalimia, utauliza watoto, utauliza na aliyelala hospitali, ndipo chai ije yenyewe."

"Kwa hiyo kifungua kinywa ni saa nane," Redio akadakia.

"Ni saa yoyote, na kitakuwa mbaazi za nazi na maandazi. Pili, usikurupuke kwenda majini jua la utosi. Asubuhi mpeleke mkeo mapango ya Amboni, aone popo na giza la Mungu. Siku nyingine mpeleke Tongoni, kuna magofu ya msikiti wa kale, pametulia mpaka unasikia moyo wako. Jioni ndiyo ufukweni Raskazone. Mnakaa ukingoni, mnakula pweza, maji yanaondoka mbele yenu."

"Yanaondoka yanaenda wapi?" Hakimu akauliza.

"Yanakupwa. Baadaye yanajaa tena."

"Nani anayachunga?"

"Hakuna."

"Yanatoka yenyewe, yanarudi yenyewe?"

"Kila siku."

Hakimu akafikiri, akagonga fimbo. "Basi hayo yamezoea zizi. Nenda, hayana shida. Ila ng'ombe wanakunywa?"

"Ya chumvi, mzee wangu."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa mtu anapata wapi ujeuri wa kujisifia maji hata mbuzi anayakataa?"

"Mtafikia kwa dada yangu Zuleha, Chumbageni," Abasi akaendelea kana kwamba hakusikia. "Hoteli za nini wakati watu wapo?"

Redio alikuwa na neno la mwisho. "Yote sawa, lakini kuna kitu mmesahau. Gari umeshaliua, na basi la Tanga linapita Moshi, linapita Himo. Palepale njia panda ya Rombo. Desemba hii, ukoo wako wote uko barabarani na mafungu ya ndizi. Utapitaje?"

Ludovick akanywa kahawa yote kwa funda moja, na ilikuwa ya moto.

*

Januari ilipoanza kuchanganya, Ludovick alirudi kijiweni peke yake. Pua imebabuka, shati halijaona pasi. Walimpokea kama timu iliyorudi na kombe.

"Tuanze na Himo," Redio akaamuru.

"Himo nilijifunika kanga ya Evaresta gubigubi, nikajilaza dirishani kama mama mgonjwa. Basi likasimama. Nikasikia mtu anagonga kioo, 'Mama, ndizi tamu hizi, mama!' Nikanyamaza. Akagonga tena. Evaresta akaninyang'anya kanga, anasema joto. Nafumbua macho, binamu yangu Aristides huyo hapo na sinia kichwani."

"Akasemaje?"

"'Shikamoo mama,' akaniambia. Nami kwa hofu nikaitikia marahaba."

Abasi alilazimika kukalia ndoo ya maji kwa kucheka. Hakimu alisahau hata fimbo.

"Na bahari?" Abasi akauliza alipopata pumzi. "Zuleha je?"

Ludovick akakuna pua yake iliyobabuka. Ya Himo alikuwa kayafanyia mazoezi njia nzima; haya mengine hakuyafanyia.

"Asubuhi ya kwanza Evaresta aliamka alfajiri, kama kwetu. Nikamsikia jikoni anatafuta kiberiti. Bi Zuleha akatoka, akamshika mkono, akamnyang'anya mwiko. 'Mgeni hapiki kwangu, mwanangu. Kakae barazani.' Akakaa. Nilimkuta pale hajui mikono aiweke wapi. Mara aishike kanga, mara aiweke mapajani. Kaletewa mbaazi na chai, akatazama sahani, machozi yakaanza kutoka. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema, 'Ludovick, sijawahi kuletewa.' Basi."

Abasi akammiminia kahawa nyingine bila kuulizwa.

"Jioni tukaenda Raskazone. Mimi na viatu na soksi zangu, mchanga umejaa. Yeye akavua ndala, akatembea mpaka maji yakamfika magotini, gauni linaelea. Nikamwita, rudi, utachukuliwa! Hakugeuka. Alikuwa anaongea nayo kitu, sijui nini. Nikaona, huyu mtu nimeishi naye miaka yote hii, na sijawahi kumwona mgongo wake ukiwa umepumzika."

"Sasa yuko wapi?" Hakimu akauliza taratibu.

"Siku ya kurudi nimebeba mabegi, nikamwona bado barazani na Bi Zuleha, wanasukana. Akaniambia, 'Tangulia.'"

"Tangulia!" Redio akapiga kelele. "Mangi kaachwa mwambao!"

"Hajaniacha. Kasema atarudi akitosheka."

"Akitosheka lini?"

"Hilo sikuuliza. Nilichelea angenijibu."

Kicheko kikarudi, na katikati yake simu ya Ludovick ikaita. Alipoitazama akasimama wima kama mtoto wa shule. "Mama," akasema, na kidole kikateleza kikabonyeza spika. Kijiwe kizima kikasogeza masikio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha ule ukimya wake.

Ludovick akajaribu kuuvumilia, ukamshinda. "Mama, lile gari halikufa. Nilidanganya. Tulikwenda Tanga."

"Najua. Aristides kanisimulia. Evaresta yuko wapi?"

"Amebaki huko, mama."

Redio alifumba macho. Hakimu aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Bahari kaiona?"

"Kaiona."

"Kaingia?"

"Mpaka magotini, mama."

"Ni kweli ina chumvi? Yote?"

"Yote, mama. Nilionja."

Upande wa pili walimsikia bi kizee akipumua polepole. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, karibu ya msichana. "Mimi niliolewa nikapewa jiko lile lile. Mama mkwe wangu naye alipewa lile lile. Ludovick, mwambie Evaresta asirudi."

"Mama!"

"Asirudi. Anisubiri. Jumamosi Aristides ananipandisha basi la Tanga. Na Desemba ijayo, wewe uje nyumbani. Wageni watakuja kama kawaida, siwezi kuwazuia. Utawapikia."

Simu ikakatika.

Hatimaye Hakimu akainuka, akagonga fimbo mara moja chini. "Kesi imekwisha," akasema, akajitupia shuka begani na kwenda zake kutazama mbuzi. Redio alikuwa keshawasha pikipiki. Habari kama ile haikai, Arusha nzima ingeipata kabla ya adhuhuri.

Ludovick akabaki na Abasi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogeza benchi karibu na jiko la mkaa.

"Abasi, ndugu yangu. Ndizi nyama. Inaanza maji, au inaanza mafuta?"

Abasi akafuta kikombe kwa utulivu wote wa Chumbageni.

"Inaanza kumenya, Mangi."